Mkono wa Wifi

2 Machi

Nimeanza kuandika kwa sababu karakana yetu ina watu wanne na maneno yote yamechukuliwa na mmoja. Huyo tunamwita Redio. Kazi yake ni kuosha vipuri, kuvitoa mafuta na kutu kabla havijafika kwangu, na huosha huku akitangaza: nani kaoa, nani kaachwa, sabuni imepanda bei. Nusu ya habari zake huwa kaziongezea chumvi, kwa hiyo nimejizoeza kutomsikiliza.

Mimi ni fundi wa matangi. Nachovya vipuri kwenye dawa ya moto yenye nikeli, ile metali nyeupe, umeme unapita, nikeli inanata. Kisha juu ya nikeli napaka dhahabu, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Vipuri vyenyewe ni vikopo vya shaba njano, kila kimoja kama punje ya hindi, vyenye tundu ambamo pini ya waya huchomekwa. Vinakwenda kwenye mashine za hospitali, zile zinazofuata mapigo ya moyo. Kikopo kikiwa na doa umeme husitasita, na mashine husema uongo kuhusu moyo wa mtu.

Wa tatu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ndiye anayetundika vikopo kwenye kulabu kabla sijavichovya. Hufanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, maana ukivaa glavu vinakuponyoka. Aliachika mwaka juzi, akakaa kwa wazazi kidogo, akaapa kwamba hata iweje harudi kule kuulizwa kila asubuhi alichokosea. Sasa anaishi nasi, kwenye chumba cha uani, na anasubiri kupata chumba chake mwenyewe. Wa nne ni Tajiri, mwenye karakana, mtu mwema mwenye mkono wa birika.

4 Machi

Joto. Dawa ya nikeli inapungua kwa mvuke. Tunaijaza kwa maji ya kununua, na Tajiri anaguna kila dumu linapofunguliwa.

7 Machi

Mume wangu amemaliza kuezeka paa la karakana. Yeye ni fundi paa, na kazi hii aliipata baada ya mimi kumnong'oneza Tajiri. Mabati ya zamani yalikuwa kutu tupu. Haya mapya yanawaka, mpaka jirani analalamika kwamba yanamchoma macho. Ya zamani ameyapanga nyuma, karibu na choo, kwa kuwa Tajiri hatupi kitu.

Jioni mume wangu alisimama barabarani akilitazama paa lake, mikono kiunoni.

"Hili litatuzika sote," alisema.

Nikamwambia ni zuri. Ni zuri kweli.

10 Machi

Alikuja mkaguzi wa kampuni inayonunua vikopo, mama mmoja mpole mwenye miwani mizito. Aliuliza vile vipande vya shaba vilivyotundikwa ukutani juu ya meza ya wifi ni vya nini. Redio aliwahi kujibu, akajibu mpaka chai ikapoa. Mimi nitaandika kwa kifupi.

Kuna watu ambao jasho lao linakula metali. Si uchafu wala si ugonjwa, wameumbwa hivyo. Mtu wa namna hiyo akishika shaba iliyong'arishwa, kesho yake alama za vidole zimekuwa kahawia, na keshokutwa nyeusi. Kwa hiyo kila anayeajiriwa hapa hubonyeza kidole gumba kwenye kipande cha shaba. Kipande hukaa siku tatu kwenye rafu, kisha hupakwa vanishi na kutundikwa. Kidole kikiacha weusi, mwenye nacho hapewi kazi ya kutundika. Utaratibu huu tuliukuta, na hakuna aliyewahi kuuhoji. Changu kiko pale, cha miaka mingi. Cha wifi ndicho kisafi kuliko vyote. Lazima ukiinamishe kwenye mwanga ndipo uone kwamba kidole kilipita.

Mkaguzi akataka na yeye apimwe. Redio akamwambia awahi kiangazi kijacho, maana Tajiri huajiri kiangazi tu, barabara zikiwa kavu na kazi nyingi.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Maji ya bomba hapa yana chumvi. Yakikaukia kwenye kipuri yanaacha ukoga mweupe. Ndiyo maana mvua zikianza tunakinga maji ya paa kwenye tangi kubwa la nje, na hatununui tena dumu hata moja mpaka zikatike. Mvua ya kwanza tunaiacha iende zake ili ioshe paa. Ya pili ndiyo tunaifungulia.

15 Machi

Imenyesha ya pili, tumeifungulia. Redio alikinga kikombe chini ya bomba la tangi, akanywa, akakunja uso.

"Maji haya ni kama kulamba betri."

"Umelamba betri lini wewe?" wifi akamuuliza.

"Utotoni. Na ukubwani mara moja."

Tulicheka. Tajiri alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo hulifanya mvua zikianza tu.

17 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

19 Machi

Mvua. Binti yangu amesimama mwenyewe bila kushika kitu. Shangazi yake ndiye aliyemwona, kwa kuwa yeye ndiye anayemwogesha kila jioni na kumwacha acheze kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nimesinzia kwenye kiti. Nilipoamka alikuwa ameshakaa.

23 Machi

Vikopo vichache vimetoka na kivuli shingoni. Nimeviweka kando.

25 Machi

Kivuli kimekuwa doa. Ni la kijivu, chini ya dhahabu, shingoni mwa kikopo, palepale ambapo vidole viwili hukibana mtu anapokitundika. Nilisafisha chujio, nikaopoa vikopo vilivyodondokea tangini, nikapima joto na umeme. Doa liko palepale.

Redio aliacha kusugua. Alitazama mikono ya wifi, akarudi kwenye beseni lake. Nami niliitazama. Miaka yote hapa karakana doa la shingoni limekuwa la mkono, hatujawahi kuwa na jingine.

26 Machi

Tumempima wifi upya. Niliking'arisha kipande cha shaba mwenyewe, nikakiweka mbele yake.

"Mkono hubadilika," nilimwambia. "Umri, dawa, mawazo."

"Mawazo gani, wifi? Mimi nimeanza kulala usingizi mwaka huu."

Akabonyeza. Kisha akafungua droo, akatoa kipande kingine, akanisogezea.

"Na wewe weka chako."

"Changu kiko ukutani."

"Na changu mimi kiko ukutani," alisema.

Hakusema kwa hasira. Nilikichukua kile kipande cha pili nikakirudisha kwenye droo, na kazi ikaendelea.

29 Machi

Alama imetoka nyeusi. Ukikisogeza kipande hiki karibu na kile cha ukutani huwezi kuamini ni kidole kimoja.

Tajiri alivishika vyote viwili, akavigeuzageuza, akaniuliza mbele ya kila mtu.

"Fundi, wewe ndiye unayejua. Ni mkono?"

"Ni mkono," nikasema.

Wifi hakubisha. Alivua aproni, akaikunja vizuri zaidi ya inavyostahili. Kuanzia leo atafunga maboksi, tena kwa glavu, na mimi nitatundika pamoja na kuchovya. Tajiri alisema tutaangalia mwisho wa mwezi ujao. Kutundika ndiyo kazi yenye mshahara. Kufunga maboksi kwaweza kufanywa na yeyote.

Nimeona ni sawa. Kazi hii haina huruma na haitakiwi kuwa nayo.

31 Machi

Leo wifi amemwogesha mtoto akiwa amevaa glavu za mpira, zile za kuoshea vyungu. Mtoto alilia kutoka mwanzo hadi mwisho; nadhani mpira ulimteleza vibaya mgongoni. Nilimwuliza wifi ana nini.

"Kama nakula shaba," alisema, "ngozi ya mtoto itakuwaje?"

Nilimweleza kwamba ngozi si shaba. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa ufundi wanapokuja. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, na glavu hakuzivua. Unga wa mkate pia aliukanda kwa mwiko.

3 Aprili

Natundika mwenyewe, na madoa bado yapo. Nadhani yamepungua. Tajiri anasema haya ni mabaki. Redio anasema jasho la wifi limeingia kwenye kulabu, kwa hiyo tumezichemsha kulabu zote.

4 Aprili

Mvua. Madoa. Tumezichemsha tena.

6 Aprili

Boksi zima limerudi. Mkaguzi alipiga simu, na upole wake haukupungua, jambo ambalo lilimtisha Tajiri kuliko matusi. Likirudi la pili wanatafuta karakana nyingine.

Tajiri alimwita wifi nje, chini ya paa jipya, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na hakutaka tusikie. Tulisikia, mabati yakipiga kelele mtu hulazimika kupaza sauti.

"Si kwamba nakufukuza! Ila hata kwenye maboksi umeshika!"

"Nilivaa glavu!"

"Najua! Lakini wateja!"

Basi unga umemwagika. Alirudi ndani, akachukua mwavuli wake na kikombe chake cha chai. Kikombe alikishika kwa kitambaa.

Nyumbani mume wangu alisema kazi ni kazi, na kwamba dada yake asiliweke moyoni, kila mtu ana kasoro yake.

"Yako ipi, kaka?" wifi akamuuliza.

Akafikiri. "Nakoroma," alisema.

Wifi alienda uani kufunga mizigo. Anarudi kwa wazazi. Alisema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na mimi nikaendelea kumenya viazi. Baadaye niligundua nimemenya vya siku mbili.

7 Aprili

Begi liko mlangoni lakini mabasi hayaendi. Mto umefunika daraja. Wifi amekaa juu ya begi, amevaa viatu vya safari.

Kazini, wakati dawa ikipata moto, nilitoa kipande cha shaba kwenye droo, nikakisugua, nikabonyeza kidole changu. Sababu siijui hasa. Nadhani nilitaka kuona kidole kizuri kinaacha nini, ili nipate cha kumwonyesha. Nimekiweka rafuni nyuma ya makopo.

8 Aprili

Mvua. Daraja bado. Mtoto bado hawezi kutamka shangazi, anaita "ngazi, ngazi" mlangoni pa chumba cha uani, na shangazi yake anamjibu kwa ndani bila kufungua.

10 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi nilikitoa kile kipande nyuma ya makopo. Kidole changu kimeacha alama nyeusi. Si kahawia, nyeusi, na pembeni kuna ukingo wa kijani. Nilikilinganisha na cha wifi cha mwezi uliopita. Chake, ukikitazama kwa haki, kina nafuu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kukificha mfukoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikamwita Redio, nikampa kipande kipya abonyeze, nikabonyeza kingine kwa ncha ya kifutio cha mpira kilicholowa maji, kisicho na jasho la mtu yeyote. Nikaviweka karibu na tangi la moto, palipo na unyevu mwingi. Mchana vyote vilikuwa vimeanza kugeuka, hata cha kifutio. Katika hewa hii ya mvua kila kitu kinachogusa shaba kinaacha doa. Kwa miaka yote tumewapima watu kiangazi, na siku tuliyompima mtu masika tulimpima mmoja tu, hatukuweka kidole kingine pembeni yake. Aliniambia niweke. Alinisogezea kipande kwa mkono wake.

Nilikaa kwenye kiti chake. Niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa na joto, ilipanda mpaka masikioni.

Basi kama si mkono, doa ni la nini? Nilichukua kikopo kimoja kibovu, nikakibana kwenye jiliwa, nikakipasua katikati kwa msumeno mwembamba. Shingoni palikuwa pa kijivu kama kawaida. Lakini ndani, chini kabisa ya tundu, palikuwa peusi tititi. Mle haingii kidole cha mtu. Haingii hata kidole cha binti yangu. Doa lilikuwa linaanzia ndani, mafichoni, mahali umeme unapofika ukiwa umechoka, halafu ndipo linapanda shingoni. Sisi tulikuwa tunaona shingo tu.

Nilipasua cha pili, cha tatu, cha nne. Redio alikuja kusimama nyuma yangu.

"Mkono wa nani unaingia humo?" akauliza.

"Hakuna."

Alikiokota kipande kimoja, akachungulia ndani. "Si niliwaambia yale maji ni betri?"

Nilitaka kumwambia aache utani. Kisha nikatoka nje, kwenye mvua, nikakinga maji ya tangi kwa kiganja nikaonja. Ulimi ulikaza. Niliinua macho. Paa la mume wangu lilikuwa linang'aa hata bila jua, na moshi wa viwanda vya upande wa pili ulikuwa umelalia juu yake kama kawaida. Mabati mapya yamepakwa zinki. Mvua inayopita kwenye moshi ule huwa kali. Inaikwangua zinki, inaishusha kwenye tangi letu, na mimi kila asubuhi naichukua kwa ndoo najazia dawa ya nikeli. Zinki ikiingia kwenye nikeli huleta weusi, na weusi huo huanzia mafichoni. Hilo nilifundishwa. Nililijua kabla sijaolewa.

Mabati ya zamani yalikuwa yameisha zinki kitambo, yamebaki kutu, na kutu chujio huikamata.

Nyumbani sikusema kitu. Nilitaka kuhakikisha kwanza. Begi lilikuwa bado mlangoni.

11 Aprili

Nilichemsha ndoo ya maji ya tangi la nje mpaka yakabaki kikombe. Nikachukua vibakuli viwili vya dawa mpya ya nikeli, kimoja nikatia kikombe hicho, kingine kikombe cha maji ya dumu. Kikopo cha kwanza kilitoka cheusi ndani. Cha pili kilitoka cheupe, safi, mpaka chini.

Nilimwambia mume wangu na wifi kwa pamoja, tukiwa tumekaa kula. Niliviweka vikopo viwili vilivyopasuliwa kwenye sahani, nikaeleza. Mume wangu alikitazama kile cheusi kwa muda.

"Mabati hayana kosa," alisema. "Mvua ndiyo yenye kosa."

"Sijasema mabati yana kosa."

"Umesema paa langu limemfukuza dada yangu kazi."

"Mimi ndiye niliyemfukuza," nikasema. "Paa lilichafua maji tu. Aliyesema ni mkono ni mimi."

Kisha nikatoa mfukoni kipande cha shaba chenye kidole changu, nikakiweka kando ya sahani. Wifi alikichukua kwa glavu zake za vyungu, akakiinamisha kwenye taa, akatazama huku na huku.

"Cha nani hiki kibaya hivi?"

"Changu."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akainamia meza, kisha kicheko kikageuka kilio katikati, na mume wangu akainuka akatafuta kitu cha kufanya jikoni. Mimi nilikaa. Nilimwambia anisamehe. Alifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Safisha dawa kwanza," alisema. "Kisha tuone."

Begi hakulifungua. Wala glavu hakuvua.

12 Aprili

Kuna namna ya kutoa zinki kwenye nikeli. Unatundika tangini bamba la chuma lenye mikunjo, unapitisha umeme kidogo sana, na uchafu huenda wenyewe kujibandika mabondeni mwa mikunjo, maana hupenda umeme mdogo. Bamba la namna hiyo hatuna. Tajiri aliposikia bei yake alikaa chini.

Nikamwonyesha yale mabati ya zamani karibu na choo.

"Si nilisema hatutupi kitu?" akasema. Ameshasahau yote yaliyopita, anapiga mluzi.

Mume wangu alikuja mwenyewe kulikata moja kwa kipimo cha tangi. Tulililoweka kwenye asidi mpaka kutu ikaisha na chuma kikabaki kitupu. Baadaye alipanda juu, akaung'oa mfereji wa paa lake, maji yasiingie tena kwenye tangi la nje. Alikaa kule juu kwenye manyunyu muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

13 Aprili

Bati tangini. Umeme mdogo. Mabondeni panaanza weusi.

14 Aprili

Vivyo hivyo. Nimelitoa, nimelisugua, nimelirudisha. Daraja limefunguliwa.

15 Aprili

Wifi hakuondoka. Begi limesogea kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, likiwa bado limefungwa.

16 Aprili

Weusi umepungua mabondeni.

18 Aprili

Nimepasua vikopo ishirini vya leo. Vyote ni vyeupe mpaka chini. Natumia maji ya dumu, na Tajiri anaguna tena, kwa hiyo mambo yamerudi kawaida.

20 Aprili

Boksi limepokelewa. Mkaguzi aliuliza tulikuwa na tatizo gani, na kabla Redio hajafungua mdomo nikamwambia fundi wa matangi alikosea.

Jioni Tajiri alikuja nyumbani kumwomba wifi arudi. Alileta mkate mkubwa, jambo lililotushtua sote. Alisema meza yake iko palepale, mshahara uleule, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kuamini.

"Uliamini," wifi akasema.

"Niliamini kidogo."

"Nitarudi. Lakini nina neno moja." Akanigeukia. "Kidole chako, wifi, kitundikwe ukutani. Kile cheusi. Kando ya changu cha mwezi uliopita."

Tajiri alinitazama. Alitaka nikatae, nadhani, ili yapatikane mazungumzo mengine.

"Kipakwe vanishi," nikasema, "kisije kikafutika."

21 Aprili

Kimetundikwa. Redio ndiye aliyegongomea msumari, akitangaza. Vipo viwili sasa vya mwaka huu, changu na chake, na chini yake nimeandika kwa kalamu: masika. Kuanzia leo hapimwi mtu peke yake.

Wifi alikaa kwenye kiti chake, akatazama mikono yake kwanza, kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Kisha akachukua kikopo cha kwanza kwa vidole viwili, akakitundika.

24 Aprili

Mvua zinakatika. Leo jua limetoka mchana kutwa na nguo zote zimekauka.

Jioni nilimkuta wifi uani anamsubiri mtoto na beseni la maji. Glavu za vyungu alikuwa amezivaa. Sikusema kitu, kwa kuwa nimeshasema mengi mwaka huu kuhusu mikono ya watu. Nilikaa kwenye ngazi. Nilihuzunika, na nilijua sina dawa ya hilo, hakuna bati la kutumbukiza mle moyoni mwake.

Mtoto alikuja akitembea. Hatua zake bado ni za mlevi. Alikuwa na mafua, kamasi zimefika mdomoni, na alipofika kwa shangazi yake akazikamata zile glavu, akavuta. Moja ikachomoka. Akaitupa chini, akainua uso wake mchafu, akangoja.

Wifi alitazama mkono wake. Akatazama kule nilikokuwa. Kisha akamfuta mtoto kamasi kwa kidole gumba kitupu, taratibu, shavu hadi shavu, na mtoto akatulia.

Akaja mpaka kwenye ngazi, akakifuta kidole kile kwenye gauni langu, mbele na nyuma, nami sikusogea.